Kabla hujasaini fomu ya upasuaji wa mwanao

Mzazi mwenzangu, tuseme binti yako wa shule ya msingi hapa Kisanga ana mbio. Amewaacha wenzake kwenye UMITASHUMTA, akaenda Kilosa wilayani, na walimu wanaanza kumtaja mkoani. Miaka inapita, anaitwa timu ya taifa. Kisha simu inaita: vipimo vya damu vina kasoro, anahitaji tiba ndogo, kuna fomu ya kusaini. Utauliza nini?

Simu ya namna hiyo ilimfikia Annet Negesa wa Uganda. Mwaka 2011 alichukua dhahabu ya mita 1500 kwenye Michezo ya Afrika, Maputo. Mwaka 2012 alikimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 59.08, akawa anajiandaa kwa Olimpiki ya London. Akiwa na miaka 20 akaambiwa hatakwenda: homoni ya testosteroni mwilini mwake ilikuwa juu kuliko kawaida ya wanawake.

Hakuwa ametumia dawa yoyote. Alizaliwa hivyo. Wapo watoto wanaozaliwa na maumbile yasiyoingia moja kwa moja upande wa kike wala wa kiume, wale tunaowaita wenye jinsi tata. Wengine mkunga huwaona siku ya kwanza, wengine hugundulika binti anapochelewa kuvunja ungo, na wengine hawajijui mpaka wapimwe. Si laana, wala si kosa la mama (maana mawifi hawakawii kuanza kusema).

Negesa alipelekwa Ufaransa kupimwa, na Novemba 2012 akafanyiwa upasuaji Kampala. Anasema alidhani ni kitu kama sindano tu. Alipozinduka akakuta amepasuliwa tumboni. Tezi za ndani zilizokuwa zikitengeneza homoni zilikuwa zimetolewa. Shirikisho la riadha la dunia limekanusha kuhusika na upasuaji huo.

Kilichofuata ndicho watu wengi hawakijui. Tezi hizo zikitoka, mwili hauwezi tena kujitengenezea homoni za kutosha. Mtu anahitaji kupewa za hospitali kwa miaka mingi, la sivyo mifupa inadhoofika na nguvu zinaisha. Negesa anasema hakupata tiba hiyo. Kichwa na viungo vikawa vinamuuma, kasi ikapotea, na ufadhili wake wa chuo ukaenda nayo. Mwaka 2019 alisimulia yote kwenye televisheni ya Ujerumani, nchi ambayo ilimpa hifadhi.

Caster Semenya wa Afrika Kusini aliwahi kumeza dawa za kushusha homoni ili aruhusiwe kukimbia. Sheria mpya zilipokuja mwaka 2018 alikataa kuzirudia, na mita 800 zikamfungia mlango. Lakini alikataa akijua anachokikataa. Negesa hakupata hata nafasi hiyo.

Majirani zetu Kenya wameliandika jambo hili kwenye Sheria ya Watoto ya mwaka 2022: mtoto mwenye jinsi tata asiondolewe wala kubadilishwa kiungo bila ushauri wa daktari bingwa wa vinasaba.

Kuna hali moja isiyosubiri. Baadhi ya watoto hawa wana tezi za juu ya figo zisizofanya kazi sawasawa, na mwili hupoteza chumvi. Kichanga akitapika mfululizo, akalegea na kukataa kunyonya, mkimbize hospitali siku hiyo hiyo, dawa itamwokoa.

Kwa mengine, mwulize daktari kitatolewa nini hasa, na kikitolewa kitarudi? Tukisubiri akue, kuna hatari gani? Homoni atapata wapi, kwa gharama ya nani, na kwa muda gani? Akujibu kwa Kiswahili. Omba nakala ya majibu na rufaa ya kuonana na daktari wa homoni Muhimbili. Na kama binti ana umri wa kuelewa, aingie naye chumba cha daktari asikie mwenyewe, asiachwe kwenye benchi la nje.