Je, Wajua? Bamba la Kukinga Sampo
Sampo (bakuli la oili chini ya injini) ya chuma ikigonga jiwe inaweza isivuje hata tone, na bado injini ikafa: ikibonyea kwa ndani huziba mdomo wa bomba linalofyonza oili. Ya alumini, yenyewe hupasuka. Ndiyo maana huwekwa bamba la kuikinga. Kwa gari dogo la dizeli, bamba la alumini lina uzito wa takriban theluthi moja ya la chuma lenye unene uleule, ila hutengenezwa nene zaidi ili lihimili. Lisizibe kila mahali! Chujio la masizi la dizeli za kisasa likijisafisha hufikia nyuzi 600 hivi za Selsiasi, na joto hilo linataka matundu. Tazama pia tundu la kumwagia oili. Lisipokuwepo, kila sevisi fundi atafungua bamba zima, na bolti zenye kutu hukatikia humo humo.