Homa ya Damu: Jibu Lisilale Mezani

Kwetu Bogoro karibu kila homa huitwa malaria. Mara nyingi ni kweli. Lakini iko homa nyingine, inayoletwa na vijidudu vilivyoingia ndani ya damu. Mtoto aweza kuwa na zote mbili pamoja. Kipimo kikionyesha malaria, bado hakijasema kwamba damu ni safi.

Huko Kilifi, pwani ya Kenya, damu ya watoto waliolazwa hospitalini ilipimwa kati ya 1998 na 2002. Zaidi ya robo ya watoto waliofariki pale walikuwa na vijidudu katika damu. Kati ya hao, theluthi moja walifariki siku ileile waliyofikishwa.

Saa zinapotelea wapi? Kwanza nyumbani, tunapongoja homa ishuke. Kisha maabara: damu hutiwa katika chupa yenye chakula cha vijidudu, na kukua kwao huchukua siku moja, mbili au zaidi. Ndiyo maana mgonjwa mahututi hupewa antibiotiki mara damu ikishachukuliwa. Jibu likitoka, daktari anajua kama dawa ile inafaa au aibadilishe. Lakini karatasi ya jibu ikilala mezani usiku kucha, mgonjwa anaendelea na dawa isiyomsaidia.

Hapo kompyuta ina kazi. Mgonjwa anapewa namba moja, toka mapokezi hadi maabara. Vijidudu vikionekana, ujumbe unafika kwenye simu ya daktari wa zamu. Tena majibu ya miezi mingi yakikusanywa, yanaonyesha dawa zipi zimeshindwa. Katika nchi yetu, INRB ya Kinshasa na wenzao wa Antwerp wanafuatilia majibu hayo tangu 2007. Wameona salmonela nyingi zilizokwisha kuzoea dawa za kawaida.

Pasipo umeme, daftari moja na simu vyaweza kuanza kazi hiyo, mradi ajulikane nani anapiga simu na nani anapokea.

Sisi waamini tuna sehemu yetu: tusichelewe, tuandikishe jina lilelile kila mara, tutoe namba ya simu inayopatikana. Msamaria alifunga vidonda, kisha akamwagiza mwenye nyumba ya wageni na kuahidi kurudi. Kupasha habari kulikuwa sehemu ya huruma yake. Na kwetu iwe hivyo.