Jinsi ya Kumtambua Mjusi wa Kichwa cha Buluu

Katika sehemu za Marambo, yaani Nachingwea na Ruangwa, huonekana mijusi wenye vichwa vya buluu wakiota jua juu ya mashina ya miti, mawe na kuta. Watu wengi huwaua wakidhani kuwa wana sumu. Dhana hiyo si ya kweli. Mijusi hao hawana sumu, na chakula chao kikubwa ni sisimizi, mchwa na wadudu wengine.

Mijusi hao ni wa familia ya Agamidae, ambayo pia ina mjusi wa miiba, Moloch horridus, wa majangwa ya Australia. Agama ana kope zinazofumba, ambapo mjusi wa ukutani ashikaye nzi usiku hana. Meno yake yameungana na ukingo wa taya, kama ya kinyonga.

Kusini mwa Tanzania yafaa kutofautisha aina mbili. Ya kwanza ni Agama mossambica, aliyepewa jina na Mjerumani Wilhelm Peters mwaka 1854. Dume lake huwa na mstari mweupe-mweupe katikati ya mgongo. Ya pili ni mjusi wa miti wa jenasi ya Acanthocercus. Huyu ni mnene zaidi, ana kichwa kipana, na ana doa jeusi karibu na bega.

Hata hivyo, rangi peke yake haitoshi. Dume hung'aa anapolinda eneo lake au kutafuta jike, na hufifia anapoogopa au anapopata baridi. Majike na watoto huwa na rangi ya gome la mti. Kwa hiyo mtaalamu hutazama magamba. Agama mossambica ana gamba moja kisogoni lililo kubwa kuliko yanayolizunguka. Mjusi wa miti hana gamba kubwa la namna hiyo.

Uangalifu huo una maana. Mijusi wa miti waliodhaniwa zamani kuwa spishi moja sasa wamegawanywa kuwa spishi kadhaa. Aandikaye jina kwa kutazama rangi tu aweza kuchanganya viumbe viwili tofauti.

Wanafunzi wanaweza kuanza bila kumwua hata mmoja. Waandike tarehe, saa, mahali, umbo, rangi, na kama mjusi alikuwa mtini au chini. Kumbukumbu kama hizo, zikitunzwa shuleni mwaka baada ya mwaka, ni sayansi halisi.