Vifaranga wa Kuku na wa Bata Katika Boksi Moja

Ukimwambia mtu wa Kisumu kwamba kifaranga wake amekufa kwa baridi, atakucheka. Baridi ipi, na sisi mchana kutwa tunatafuta kivuli? Lakini hebu tupige hesabu. Mchana mji wetu hufika nyuzi 29 au 30 hivi, na usiku hushuka hadi 17 au 18. Kifaranga wa siku moja anataka nyuzi 32 hadi 35. Kwa hivyo hata saa nane ya mchana joto letu halimtoshi, sembuse saa tisa ya usiku mwezi wa Aprili, mvua ikipiga mabati na upepo ukipenya kwenye nyufa.

Shida huzidi tunapowachanganya na vifaranga wa bata. Kwetu upande wa Kano kuku hupewa mayai ya bata ayalalie. Yai la kuku huanguliwa kwa siku 21, la bata siku 28, na la wale bata wenye uso mwekundu wa vinundu siku 35. Nyanya yangu, ambaye hakuwahi kuketi darasani, huweka ya bata kwanza, na wiki moja baadaye ya kuku, ili wote watoke pamoja. Wakishatoka, kwa kuogopa mwewe, huwatia wote kwenye boksi moja.

Sasa, bata ni bata tu. Hawezi kula bila kulowesha mdomo, tena lazima apate maji ya kuzamisha pua ili aisafishe. Akila kidogo hukimbilia maji, hurudi mdomo ukitiririka, hutikisa kichwa, na jirani yake akaoga bila kupenda. Usiku mmoja wa mvua karai la maji lilipinduka pale kwa nyanya. Asubuhi vifaranga 5 wa kuku kati ya 14 walikuwa wamekufa, na wa bata wote 6 wazima. Majirani wakasema ni kideri, wengine eti jicho baya. Kumbe wale 5 walikuwa wameloa hadi kwenye ngozi. Hao ndio wangekuwa kuku wa kuuza soko la Kibuye mwezi wa Desemba, karo ikikaribia.

Sababu yake si uchawi. Manyoya laini ya kifaranga hushika hewa, na hewa hiyo ndiyo blanketi lake. Maji yakiingia, hewa hutoka, na maji hayo yanapokauka huondoka na joto la mwili. Halafu kuna ubaya wa pili, ambao mimi naona ni mkubwa zaidi kwa kuwa hauonekani. Matandiko yenye unyevu, joto na kinyesi huivisha vijidudu vya koksidiosisi kwa siku moja au mbili tu, na kifaranga akivila huanza kuhara damu. Kwa hivyo ukiongeza joto bila kukausha boksi, unavisaidia vijidudu.

Tufanyeje basi? Dawa ya kwanza ni kuyafunga maji. Chukua karai, weka wavu wa waya juu yake, na chombo cha maji kikae juu ya wavu. Kinachomwagika kinaanguka karaini. Chombo chenyewe kiwe mkebe wenye matundu ubavuni, bata aingize kichwa lakini asiingize mwili. Kikae mbali na upande wa joto.

Matandiko tunayo bure au karibu na bure: makapi ya mpunga kutoka vinu vya Ahero. Tandaza unene wa vidole vinne. Kila asubuhi fikicha konzi moja. Yakishikana kama donge, toa yaliyolowa na uweke makavu. Usitandike gazeti tupu, maana huteleza na miguu ya vifaranga hupanuka wakalemaa.

Kwa joto, wengi hukimbilia jiko la makaa. Naogopa sana jiko ndani ya chumba kilichofungwa, kwani moshi wake usioonekana huua vifaranga na wenye nyumba pia. Afadhali jerikani la maji moto lililofungwa gunia, likibadilishwa usiku. Ama mtazame kifaranga mwenyewe: wakirundikana wanaona baridi, wakitawanyika wakihema limezidi. Punguza nyuzi 3 hivi kila wiki.

Aliyeloa mkaushe kwa kitambaa, umweke kwenye joto mpaka manyoya yasimame.

Usidhani bata mchanga ana kinga ya maji. Mafuta ya manyoya yake huyapata kwa mama bata, na aliyeanguliwa na kuku hana mama huyo. Ukimwachilia ziwani wiki ya kwanza ataloa, aone baridi, na anaweza kuzama, huku kuku akipiga kelele ufukoni. Tena chakula kilicholowa kikaota ukungu kitupe, maana sumu ya ukungu humuua bata mdogo upesi kuliko kuku.

Mimi ningewatenganisha usiku kwa ubao tangu siku ya kwanza, na kabisa wakifika wiki mbili, kwa sababu bata hukua haraka na kuwakanyaga wenzake. Kuku wakimaliza kuota manyoya, wiki ya 5 au ya 6, jerikani laweza kurudi jikoni.