Kupimwa Afya Kazini: Kwa Faida ya Nani?

Baba mmoja anayefanya kazi kwenye machimbo ya kokoto ametuuliza swali ambalo tunaamini linawahusu wengi. Anasema kila wanapotangaziwa siku ya kupimwa afya, yeye hutafuta udhuru. "Wakiona kifua changu kina kasoro watanifukuza, na watoto watakula nini?" Hatumcheki, maana hofu yake ina sababu. Lakini ni vema ajue vipimo hivyo vinatafuta nini.

Anayepasua au kusaga mawe huvuta vumbi lenye silika. Vumbi linaloonekana kwa macho silo la kuogopwa zaidi, kwani sehemu kubwa hunaswa puani. Chembe ndogo mno zisizoonekana ndizo zinazofika ndani kabisa ya mapafu na kuacha makovu. Ugonjwa huo huitwa silikosisi. Mara nyingi huchukua miaka 10 au zaidi kujitokeza, na muda wote huo mtu hujiona mzima kabisa. Makovu yakishakuwapo, hakuna dawa ya kuyaondoa. Tena mwenye silikosisi hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi kuliko wengine. Picha ya eksirei yaweza kuonyesha makovu kabla mtu hajaanza kuhema, akahamishiwa kazi isiyo na vumbi. Na kifua kikuu kikigunduliwa mapema hutibika, kabla hakijawafikia wale watoto anaowahangaikia.

Wengine huuliza, kwa nini nipimwe siku ya kuajiriwa wakati siumwi? Kipimo cha kwanza ndicho cha kulinganishia vyote vitakavyofuata. Chukua wanaonyunyizia mashamba dawa za kuua wadudu. Baadhi ya dawa hizo hupunguza nguvu ya kimeng'enya fulani katika damu, nacho hupimwa. Lakini kiasi chake hutofautiana kati ya mtu na mtu. Asiyepimwa kabla ya kushika bomba la dawa, baadaye daktari atajuaje kama kimepungua?

Masikio nayo huharibika kimyakimya. Kelele ya desibeli 85 kwa saa 8 kila siku, mwaka hadi mwaka, yatosha kuyadhuru. (Kama unalazimika kupaza sauti ili mwenzako aliye hatua moja akusikie, kelele imezidi.) Huanza kupotea sauti nyembamba, na kwa kuwa bado unasikia watu wakiongea, hushtuki. Kipimo cha masikio hushtuka kabla yako.

Daktari mzuri pia huuliza maswali. Bernardino Ramazzini, daktari wa Italia, aliandika mwaka 1700 kwamba mgonjwa aulizwe anafanya kazi gani. Mfanyakazi wa kinu cha pamba anayebanwa kifua kila Jumatatu, akapata nafuu siku zinazofuata, huenda anaonyesha dalili ya ugonjwa wa vumbi la pamba. Asipoulizwa kazi yake, atapewa dawa ya kikohozi na kurudishwa kinuni.

Sasa turudi kwenye hofu ya yule baba. Hapa Tanzania, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inataka wafanyakazi wapimwe wanapoanza kazi na mara kwa mara baadaye. Mkataba namba 161 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1985, unasema mfanyakazi asitozwe wala asikatwe mshahara kwa ajili ya kupimwa. Pendekezo linaloambatana nao linasema mwajiri aelezwe tu kama mtu anafaa kwa kazi ile, asipewe habari za ugonjwa wake. Kupima virusi vya Ukimwi si sharti la kupata kazi. Sheria ya mwaka 2008 inakataza kumlazimisha mtu. Hatusemi kwamba waajiri wote hufuata hayo. Ila kama kazi ndiyo iliyomletea maradhi, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi mwaka 2015, upo kwa ajili hiyo, na asiye na kumbukumbu za vipimo atapata taabu kuthibitisha dai lake.

Kwa waajiri tuna neno moja. Kupima watu hakupunguzi vumbi. Kumwagia mawe maji wakati wa kukata hulipunguza, na kitambaa kilichofungwa puani hakizuii zile chembe ndogo. Ni jambo la ajabu kumpiga mtu eksirei kila mwaka huku ukimrudisha kwenye vumbi lilelile.

Nawe mfanyakazi, omba nakala ya majibu yako kila unapopimwa, na omba kupimwa tena siku unapoacha kazi, kwa kuwa silikosisi yaweza kujitokeza hata miaka baada ya kuondoka machimboni. Picha ya eksirei ihifadhiwe pakavu pamoja na barua ya ajira, na mama wa nyumbani ajue ilipo.