Kichwa cha Farasi Hakipandi Bure

Farasi hana mifupa ya mtulinga. Kifua chake chote, pamoja na moyo, mapafu na sehemu kubwa ya uzito wa mpandaji, kinaning'inia katikati ya miguu ya mbele kwa misuli na kano tu. Mbele ya kifua hicho imechomoza shingo yenye pingili saba, idadi ileile aliyonayo binadamu na aliyonayo twiga, na mwishoni mwake kipo kichwa kizito. Kwa farasi wa kilo 500, kichwa na shingo pamoja hukaribia sehemu moja ya kumi ya uzito wake. Mzigo huo huupeleka mbele na nyuma, juu na chini, ili asianguke, hasa anapojikwaa au anaporuka kizuizi.

Martingali ni mkanda wa ngozi unaouwekea mzigo huo mpaka. Huanzia kwenye ukanda wa tumbo, hupita katikati ya miguu ya mbele na kuja kukizuia kichwa kisipande. Aina moja hufungwa moja kwa moja kwenye ukanda wa pua, na ndiyo inayoonekana sana kwenye polo. Nyingine hugawanyika kifuani kuwa ncha mbili zenye pete, na hatamu hupita ndani ya pete hizo. Shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi, FEI, huiruhusu hii ya pete kwenye mashindano ya kuruka vizuizi. Ile ya puani limeikataza huko, na kwenye dresaji, mchezo wa miondoko ya farasi, limepiga marufuku zote mbili.

Zitazame hizo pete. Kichwa kikiwa mahali pake, hatamu hunyooka kutoka kiwiko cha mpandaji, kupitia mkononi, hadi kwenye lijamu, na pete zinaning'inia bila kazi. Farasi akiinua kichwa kiasi cha kiganja, mstari ule huvunjika penye pete, na lijamu huanza kuvuta kuelekea chini, juu ya sehemu ya taya isiyo na meno ambako ufizi mwembamba umeufunika mfupa. Kasoro nyingine huonekana mpandaji anapoupeleka mkono wa kulia pembeni kuomba kona: pete huurudisha mvuto huo kifuani, na farasi hupata agizo lililochakaa.

Hata hivyo, mkanda huu una sifa moja ambayo wapandaji wengi hawana, nayo ni kutochelewa. Farasi hujifunza zaidi pale shinikizo linapoondoka kuliko pale linapokuja. Kichwa kikishuka, martingali huachia papo hapo. Binadamu huvuta, huchoka mikono, kisha huachia wakati kichwa bado kiko juu. Farasi anapata somo lililo wazi kabisa: nikipandisha kichwa na kuvumilia, mtu huyu atashindwa. Ndiyo maana mwanafunzi anayemvalisha farasi martingali humwona "ametulia", na siku mkanda ukivuliwa, kichwa kinarudi mawinguni. Farasi alikuwa akiutii mkanda. Mkono wa mpandaji hakuwahi kufundishwa kuuelewa.

Kuna ubaya mwingine unaojengeka polepole. Farasi anayeusukuma mkanda kila siku hufanya mazoezi ya nguvu bila mtu kujua, na msuli wa chini ya shingo, ule unaopaswa kuwa laini, hunenepa na kutokeza. Saisi mzoefu akiuona hahitaji kusimuliwa farasi huyo alivyopandwa.

Kazi ya kumwachisha farasi mkanda huu huanzia mbali na hatamu. Meno ya farasi huendelea kuchomoza kwa miaka mingi na kingo zake huwa kali, zikachanja mashavu na ulimi. Tandiko linalobana mabega humfanya aubonyeze mgongo chini, na mgongo ukibonyea, kichwa lazima kipande. Kwa farasi waliotoka kwenye mbio ipo pia hali ya miiba ya uti wa mgongo kugusana, na wanaochukua farasi waliostaafu mbio ili wawafundishe kuruka wasiipuuze. Kumfunga kichwa farasi anayeumwa mgongo ni kumzibia mdomo mgonjwa.

Farasi akiwa mzima, sayansi inampendelea mwalimu. Kutoka kisogoni hadi kwenye mabega limenyooka kano nene lenye kunyumbuka, limeshika miiba mirefu ya uti wa mgongo. Farasi anaponyoosha shingo mbele na chini, kano hilo hukaza, huivuta miiba hiyo mbele, na mgongo huinuka kumbeba mpandaji. Kwa hiyo kinachotafutwa ni shingo iliyonyooka, wala si pua iliyokunjwa kifuani.

Somo la kwanza hutolewa farasi akiwa amesimama. Mpandaji hufunga vidole kwenye hatamu, kidogo tu, hasubiri kichwa kishuke. Husubiri taya ilegee. Ikilegea, vidole hufunguka palepale. Baadaye hufanya hivyohivyo kwa mwendo wa polepole, kisha kwa telki, kwenye duara la upana wa mita 20 au zaidi. Magogo membamba yaliyolazwa chini, yakiachana takriban mita 1.3, husaidia kuliko maneno mengi: farasi huinamisha kichwa mwenyewe ili aone anakanyaga wapi, huku akiinua miguu na kuutumia mgongo. Vipindi viwe vifupi. Msuli hautii haraka ya mwenye farasi.

Penye kizuizi, ushauri hubadilika. Mwaka 1999 watafiti wa Australia walionyesha kwamba eneo ambalo macho mawili ya farasi huona kwa pamoja limeelekea chini, kufuata pua, na kwamba mbele ya paji la uso wake kuna sehemu asiyoiona. Pua ikikunjwa, njia iliyo mbele hupotea. Kwa hiyo farasi anayeinua kichwa kidogo akikikaribia kizuizi anapima umbali, na kumzuia ni kumtaka aruke kwa kubahatisha.

Mwitaliano Federico Caprilli, afisa wa jeshi la wapanda farasi, alilifikia jambo hili bila maabara. Enzi zake wapandaji waliegemea nyuma hewani na kuning'inia kwenye hatamu. Yeye alichunguza farasi wakiruka bila mtu mgongoni, akaona shingo inavyonyooka, akawafundisha wanajeshi wainame mbele na mikono iufuate mdomo. Alifariki mwaka 1907 baada ya kuanguka kutoka kwa farasi, lakini wanaoruka vizuizi leo, Roma hata Nairobi, hukaa alivyoelekeza.

Sidai martingali itupwe. Kwenye uwanja wa wazi, farasi kijana akishtuka, mkanda uliolegezwa vizuri unaweza kuiokoa pua ya mpandaji. Ila usivuke naye maji ya kina mkanda wa puani ukiwa umefungwa, kwa sababu farasi anayeogelea lazima ainue kichwa.

Na ikiwa baada ya miezi ya kazi ya utaratibu kichwa bado kinaruka, andika kinaruka lini. Farasi anayekipandisha kila akizunguka kushoto, na kulia hana neno, hahitaji zoezi jingine. Mwite daktari wa mifugo, aanze na miguu.