Afungaye Nzi Wake Huujua Mto

Wahenga walinena kwamba mvuvi ndiye ajuaye pweza alipo. Hawakunena kwamba muuza ndoana ndiye ajuaye. Baina ya kukijua kitu na kukiuza pana masafa marefu, na leo tunapenda kuyapima masafa hayo kwa kitu kidogo kisichozidi ukucha wa kidole: nzi bandia wa kuvulia samaki.

Kwa wale ambao hawajapata kumwona, nzi bandia ni ndoana iliyovishwa uzi, manyoya au sufu mpaka ikashabihi mdudu ambaye samaki amezoea kumla. Hana nyama wala damu. Mvuvi humrusha kwa ufito mwembamba unaopindika, na kwa kuwa nzi mwenyewe ni mwepesi kama pumba, uzito unaompeleka mbali ni ule wa mshipi. Samaki akidanganyika humdaka, na asipovutwa upesi hutambua hila na kumtema. Basi kazi yote imo katika kudanganya, na hila hiyo hutengenezwa kwa vidole.

Ustadi huu si wa jana. Claudius Aelianus, mwandishi wa dola ya Roma aliyeishi kiasi cha miaka 1,800 iliyopita, alieleza jinsi watu wa Makedonia walivyozungushia ndoana sufu nyekundu na kuifungia manyoya mawili ya jogoo, wakawavua samaki wenye madoa katika mto wa nchi yao. Mwaka 1496 kilipigwa chapa Uingereza kitabu kilichotaja nzi 12, pamoja na vifaa vya kumfungia kila mmoja.

Katika Afrika Mashariki ustadi huu ulipata makao Kenya. Mwaka 1905 mlowezi Ewart Grogan aliingiza samaki aina ya trauti, kutoka Uskoti, katika mto Gura unaoteremka kutoka milima ya Nyandarua. Baadaye trauti walienea katika mito mingine ya maji baridi, kama vile Thiba, Ragati na Naro Moru inayotoka Mlima Kenya. Walowezi walitaka mchezo wa kwao, mchezo ulitaka nzi, na nzi walitaka vidole. Vidole vilivyofundishwa kazi hiyo vilikuwa vya wananchi, na vikaimudu mno hata Kenya ikawa miongoni mwa nchi zinazofahamika duniani kwa kuuza nzi bandia. Nzi aliyefungwa na Mkenya huuzwa leo katika maduka ya Ulaya na Marekani, na mvuvi wa huko humrusha bila kujua ametoka wapi.

Hapo ndipo penye jambo la kutafakari. Mfungaji akaaye mezani hufuata kielelezo alichopewa, huhesabu dazeni baada ya dazeni, na dazeni hizo hupanda ndege. Anaweza kufanya hivyo miaka 20 bila kumwona hata trauti mmoja akiinuka kumdaka nzi wake. Upande wa pili, mvuvi aliyemnunua anamjua samaki, lakini hajui kwa nini nzi yule alifungwa vile na si vinginevyo. Mmoja anajua fundo, mwingine anajua mto. Elimu iliyokuwa moja imekatwa vipande viwili, na kila mmoja amebaki na nusu. Aliye na nusu ya fundo hawezi kubuni kitu chake. Hungoja kielelezo cha mwingine. Aliye na nusu ya mto hawezi kurekebisha kitu chake. Hungoja duka lifunguliwe.

Ili kuonyesha faida ya kuziunganisha nusu hizo, tutatoa mfano wa Frank Sawyer, aliyezaliwa mwaka 1906 na kufariki mwaka 1980. Huyu alikuwa mtunza mto katika Wiltshire, Uingereza, kwenye mto Avon. Kazi yake ilikuwa kufyeka majani ya mtoni, kutengeneza kingo na kuwaangalia samaki. Katika kuangalia huko aliona jambo ambalo wengi walilipita: wadudu wachanga wa majini, ambao tutawaita tunutu kwa kuwa hawajaota mbawa, wakiogelea huibana miguu yao mwilini. Basi akafunga nzi asiye na miguu. Alitumia vitu viwili tu: nyuzi za unyoya wa mkia wa fesanti, ndege wa jamii ya kuku na kwale, na waya mwembamba wa shaba badala ya uzi. Waya ule ulifanya kazi tatu kwa pamoja: ulifunga, ulimpa nzi uzito wa kuzama, na ulimpa mng'ao kidogo kama wa mdudu aliye hai. Sawyer alimweleza nzi huyo katika kitabu chake cha mwaka 1958, na hadi leo wavuvi wa mabara mengi humtumia.

Tuzingatie vyema. Nzi yule hakuzaliwa kutokana na wingi wa vifaa, bali kutokana na macho yaliyokaa mtoni muda mrefu na mikono iliyoweza kuyatii macho hayo. Ndiyo maana twasema kwamba mtu apendaye kuvua kwa nzi ajifunze kufunga nzi wake mwenyewe.

Namna ya kuanza si ngumu. Kinachohitajika ni jiliwa dogo la kuibana ndoana, mkasi mkali, uzi mwembamba imara, nta na ndoana zenyewe. Yaliyobaki mengi yako karibu nasi. Shingo ya jogoo aliyechinjwa kwa ajili ya mboga ina manyoya ya kutosha nzi wengi. Manyoya ya kanga yenye madoa hufaa kwa miguu na mikia. Manyoya laini ya sungura hufaa kwa kiwiliwili. Waya wa shaba hupatikana katika mota iliyoungua. Hapana haja ya kumdhuru ndege wa porini, maadamu jikoni hutupwa kila siku kile ambacho wengine hukinunua kwa fedha.

Ama kuhusu kuuongeza ustadi, tungependa kusisitiza mambo matano.

Kwanza, mkazo wa uzi. Anayeanza huulegeza kwa kuogopa usikatike, na nzi wake hufumuka samaki wa kwanza anapomtafuna. Ni heri aukate kwa makusudi mara tatu au nne, ili kidole kijue mwisho wa nguvu zake, kisha afanye kazi karibu na mwisho huo bila kuuvuka.

Pili, vipimo. Kwa nzi wengi wa kawaida, mkia hulingana na urefu wa shina la ndoana. Manyoya ya shingo yanayozungushwa ili nzi aelee huwa na urefu wa mara moja na nusu hadi mara mbili ya upana wa mdomo wa ndoana. Nzi aliyepotea vipimo hukaa upande majini, na samaki humpita.

Tatu, kuacha nafasi nyuma ya tundu la ndoana. Kosa la wengi ni kujaza vitu mpaka tundu likazibwa. Hapo fundo la mwisho halina pa kukaa, na mshipi hauna pa kupita.

Nne, kurudia. Mtoto wa chuoni huandika alifu ubaoni, akafuta, akaandika tena, wala haruki kwenda kwenye juzuu kabla mkono haujatulia. Mfungaji naye achague nzi mmoja, amfunge mara 12, awapange mezani na kumlinganisha wa kwanza na wa mwisho. Walioharibika awafumue kwa wembe, atazame kosa lilipoanzia, na ndoana aitumie upya. Anayefunga nzi wa aina 12 kwa siku moja hajajifunza hata mmoja.

Tano, na hili ndilo kubwa, kwenda mtoni bila ufito. Ainue jiwe lililo majini, aligeuze, awatazame tunutu walioshikamana nalo: rangi yao, ukubwa wao, mwendo wao. Kisha alirudishe jiwe mahali pake. Akifika nyumbani, amtumbukize nzi wake katika glasi ya maji aone kama anazama au anaelea jinsi alivyokusudia. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na cha mtoni vivyo hivyo.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya starehe ya matajiri. Ni kweli kwamba mchezo huu uliletwa kwa starehe ya watu wachache. Lakini mito ile sasa ni ya wananchi wa Kenya, na kazi ya kufunga nzi inawapatia baadhi yao riziki. Ufundi unaolisha nyumba si starehe. Kinachobaki ni kuukamilisha, ili mfungaji aweze kusema, "Huyu ni nzi wangu, nilimtoa katika mto wangu, na najua kwa nini nilimfunga hivi." Mtu mwenye maneno hayo hujadili bei ya kazi yake kwa sauti tofauti na ya mtu aliyenakili tu.

Kwa hiyo tunawashauri wenye karakana za kazi hii wawape wafungaji wao japo siku moja ya kwenda mtoni kuwaona samaki na wadudu. Tunawashauri wavuvi wakae mezani, waone jinsi nzi mmoja mzuri anavyochukua muda na subira. Na vijana wanaoishi kando ya Gura na Ragati tunawaambia hivi: jogoo mnaye, maji mnayo, na macho mnayo. Kateni leseni inayotakiwa, warudisheni majini samaki wadogo, na anzeni na nzi mmoja.